Mtani Mwenye Adabu

Mabruki alivua viatu mlangoni, akapiga hodi mara tatu, akasubiri mpaka akaribishwe, kisha akainama mbele ya mama mkwe wangu na kusema, "Shikamoo, mama." Mgeni mwingine angefanya hivyo tungesema amelelewa vizuri. Kwa Mabruki nilishtuka. Yeye alikuwa Mzaramo na nyumba ile ilikuwa ya Wanyamwezi, na tangu babu zetu walipoanza kubeba mizigo kwenda pwani na kulala katika vijiji vyao, Mzaramo hamwamkii Mnyamwezi namna ile. Mzaramo huingia bila hodi. Hufunua chungu chako na kuuliza kama hicho ni chakula au dawa ya mbwa. Humwita baba yako punda, baba yako naye humjibu neno baya zaidi, kisha wananawa mikono na kula sahani moja. Huo ndio utani, na kwetu Tabora hakuna aliyeuonea aibu.

Siku hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona. Ulikuwa mwaka wa arobaini na sita, mvua zikikaribia kukatika. Alikuwa bado na suruali ya jeshi, na alisema alikuwa Keya, jeshi la Mfalme, pamoja na Ambrosi, kikosi kimoja, kutoka hapa mpaka Burma.

Ambrosi alikuwa mume wangu. Leo nasema "alikuwa" bila kutafuna ulimi. Wakati ule neno hilo lilikuwa mwiko nyumbani kwetu.

Barua ya Serikali ilikuwa imeshafika zaidi ya mwaka kabla ya Mabruki. Katekista alitusomea uani: Ambrosi Mihambo amekufa vitani katika nchi ya Burma, Mfalme anatoa shukrani zake. Mama mkwe wangu, Mama Ngollo, alisikiliza mpaka mwisho akiwa na ungo mapajani. Kisha akauliza nani alimzika. Katekista akageuza karatasi kutazama nyuma yake, kama kwamba jina la mchimba kaburi lingekuwa huko. Akauliza tena: mtani gani alikuwepo? Katekista akasema barua haikutaja watani.

"Basi hiyo ni karatasi," alisema Mama Ngollo, akaendelea kupepeta.

Mtu wa mbali anaweza kumwona mjinga. Hakuwa mjinga hata kidogo. Kwetu mtu hafi kwa tangazo. Watani ndio wanaokuja kuchimba kaburi, na wakishachimba hulala humo ndani na kukataa kutoka. Wanatembea kama marehemu alivyotembea, wanakoroma kama alivyokoroma, wanamsema uchoyo wake mbele ya mama yake, na wafiwa hujikuta wanacheka huku machozi yanawachuruzika. Mtu akishachekwa hivyo, kila mmoja anajua kwamba hayupo tena. Ndipo matanga yanaondolewa, na mjane anaambiwa mwanangu, sasa uko huru, nenda unakotaka kwenda. Ambrosi hakuwa amechekwa na yeyote. Kwa hesabu ya mama yake alikuwa bado yuko safarini.

Na mke wa mtu aliye safarini ana masharti yake, ambayo Mama Ngollo aliyapata kwa mama yake, ambaye mumewe alikwenda Bagamoyo na kurudi mara tisa. Hasuki nywele. Halali nyumba ya watu. Haketi kizingitini, wala hacheki na mwanamume njiani, kwa sababu akikosea, mumewe huko aliko atajikwaa na mzigo utamwangukia. Nilikuwa na miaka kumi na minane Ambrosi alipopanda treni mwaka wa arobaini na mbili. Tulikuwa tumekaa pamoja miezi saba. Padre wa misheni aliniambia kwamba Kanisa linaikubali barua ya Serikali na kwamba mimi ni mjane halali. Nilimshukuru sana. Lakini Padre hakai nyumba moja na mama mkwe wangu.

Kwa hiyo Mabruki alipoketi mkekani siku ile, nilijua kwamba mdomo wake ndio ufunguo wangu. Alichotakiwa kufanya ni kuufungua na kutukana.

"Ulikuwa na Ambrosi?" Mama Ngollo alimwuliza.

"Nilikuwa naye, mama."

"Amekufa?"

Mabruki alitazama mikono yake. "Mama, mimi nimekuja kuwasalimia tu."

Kisha akaona shoka ukutani, akaliomba kwa adabu, akatoka nje kupasua kuni mpaka jua likazama. Jumamosi iliyofuata akaja tena na kilo ya sukari. Iliyofuata akaja na sabuni. Akapata kazi ya kupakia magunia stesheni, akapanga chumba Kitete, na badala ya kurudi kwao Kisarawe akawa mtu wa Tabora. Akatuezekea paa. Akajenga upya choo kilichobomoka. Mwaka na nusu alikuja kila Jumamosi, shikamoo mama, habari za kutwa shemeji, na si siku moja aliyotuita punda.

Mama Ngollo alikuwa ameanza kuchoka kungoja kabla yake, mimi niliona. Mabruki akaja kumpa nguvu mpya. "Mtani aliyemzika mwanangu angeingia hapa ananitukana," aliniambia, tena na tena, macho yakimng'aa. "Huyu anakuja kama anayeomba mke. Anaficha jambo. Ambrosi yu hai, Eustadia, nawe utaona."

Nilimchukia Mabruki kwa ajili hiyo. Nilikula sukari yake nikamchukia. Na kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa amesema kweli, kwamba mtu yule anaficha jambo, akili yangu haikutulia. Siku nyingine niliamini kwamba Ambrosi amepata mwanamke huko Seloni, walikopitia wakienda Burma, ameoa, na amemtuma rafiki yake aje kutulisha sukari ili tusiulize. Siku nyingine niliamini kwamba Mabruki ndiye aliyemwua, kwa bahati mbaya au kwa makusudi. Nilitwanga mahindi na mawazo hayo mawili, moja likipanda, lingine likishuka, na hakuna nililoweza kumwambia mtu.

Oktoba ya arobaini na saba, baba yangu alikuja kutoka Puge. Alisema kuna mtu wa Igunga, amefiwa na mke, ana majaruba ya mpunga na watoto wawili, ameniulizia kwa heshima. Angengoja mpaka mwisho wa Novemba. Baba yangu si mtu wa maneno mengi. Alimweleza Mama Ngollo jambo hilo mbele yangu, kwa upole, kofia mkononi.

Mama Ngollo hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema, "Simfungi kamba. Aende. Lakini siku atakayotoka hapa, mwanangu ataanguka njiani, na ninyi wote mtakuwa mmejua."

Mimi ni Mkristo, nilibatizwa mchanga, wala siamini kwamba mtu wa Burma huanguka kwa sababu mtu wa Tabora amefunga mzigo wake. Nilijiambia hivyo kila asubuhi. Na kila asubuhi sikufunga mzigo.

Wiki ya kwanza ya Novemba, Wenceslaus, karani wa bomani, alikuja kwa baiskeli, suruali ameibana kwa kamba chini ya magoti. Alikuwa kijana wa misheni, mwembamba, mwenye hofu ya kudumu usoni. Alituambia kwamba Jumapili Serikali itawakumbuka askari waliokufa, wa vita vya kwanza na vya pili, na kuwashukuru waliorudi. Jina la Ambrosi litasomwa. Nishani yake imefika, na Bwana DC mwenyewe ataitia mkononi mwa mama yake.

"Saa tano kamili tarumbeta italia," alisema, akihesabu kwa vidole. "Kisha kimya dakika mbili. Asikohoe mtu. Asilie mtu. Asisogee mtu hata kidogo, awe mkubwa, awe mdogo. Ni amri katika nchi zote za Mfalme. Hata Bwana DC hasogei."

"Dakika mbili ni kiasi gani?" Mama Ngollo aliuliza.

"Kama kusali Baba Yetu mara sita, polepole."

"Na watani watafanya nini wakati huo?"

Wenceslaus alinitazama, nami nikatazama kuku. "Watani hawamo katika utaratibu, mama," alisema.

Mama Ngollo alifikiri kidogo. "Nitakuja," alisema.

Furaha iliyonipata haikudumu. Mwanamke anayepokea nishani ya marehemu amekubali kwamba ni marehemu, ndivyo nilivyowaza, na tayari nilijiona nasukwa nywele. Ndipo akaongeza, kwa sauti ileile ya kawaida: "Nitakuja nimwambie Bwana DC mbele ya watu wote kwamba mwanangu hajafa. Airudishe hiyo nishani sandukuni mpaka mwenyewe aje aichukue."

Wenceslaus aliniangalia kwa macho ya mtu anayeona kazi yake inatumbukia kisimani. Nilimsindikiza mpaka njiani akaniomba kwa jina la Bikira Maria nimzuie mama. Nilimwambia amzuie yeye, aliyesoma. Nilisema kwa hasira kwa sababu niliogopa kuliko yeye. Mama Ngollo alikuwa hajawahi kurudisha neno alilolisema hata mbele ya kuku. Akilisema mbele ya Bwana DC, mbele ya mapadre na Waarabu na nchi yote ya Unyanyembe, angelishikilia mpaka kaburini, nami ningebaki mke wa msafiri mpaka meno yaning'oke.

Jumamosi sikumngoja Mabruki aje. Nilikwenda mwenyewe stesheni, mchana, mbele ya watu, na kama hilo lilikuwa kosa juu ya masharti ya safari, nililifanya. Nilimkuta anatoa magunia ya karanga kwenye behewa. Jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni, na msimamizi wake alinipigia kelele nisimame mbali na reli.

"Kesho mama atasema hajafa," nilimwambia. "Atasema mbele ya wote. Ukimwacha aseme, mimi nimekwisha."

"Shemeji, hapa ni kazini."

"Njoo umtanie. Leo jioni. Mseme chochote, useme alikuwa mwizi, alikuwa anakojoa kitandani, sijali. Neno moja tu, mama ataelewa."

Alitikisa kichwa. "Siwezi."

"Kwa nini huwezi? Wewe ni Mzaramo wa namna gani?"

"Usiniulize, shemeji."

Sauti yangu ilianza kupanda na sikuweza kuishusha. "Yuko hai? Ana mke huko? Niambie nijue."

"Hana mke."

"Basi ulimwua wewe?"

Nilisema ili kumchoma tu. Nilitegemea aape, akasirike, ateme mate chini. Mabruki aliinama, akaweka mgongo wake chini ya gunia, akalipandisha. Uso wake ulikuwa umefunikwa na ukingo wa gunia alipojibu.

"Labda," alisema, akaondoka nalo.

Sijui nilivyofika nyumbani. Najua kwamba nilipita njia ya zamani ya Kwihara, ile waliyopita wapagazi, kwa sababu nilijikuta upande ule wa nyumba, na najua kwamba niliketi kizingitini, mahali nilipokatazwa. Mwaka na nusu nilikuwa nimekula kwa mkono wa mtu aliyemwua mume wangu. Nimwambie mama? Angesema nini? Na kesho yule mtu angekuwa palepale bomani, katika mstari wa askari wa zamani, na akiona nishani inatolewa, kama roho inamsuta angeweza kupaza sauti na kukiri mbele ya askari polisi. Mama angekataa, Mabruki angekiri, nami nimesimama katikati na kitambaa changu cha kichwa. Mama Ngollo alipotoka ndani akaniona kizingitini, hakunigombeza. Aliniuliza kama naumwa.

Jumapili tulikwenda kwa miguu baada ya misa ya kwanza. Bibi wa Kizungu alikuwa na kikapu cha maua mekundu ya karatasi na alimbandika Mama Ngollo moja kifuani bila kumwuliza. Mama alilitazama kama kupe, lakini aliliacha. Wenceslaus alitupanga katika mstari wa wafiwa, akarudia tena amri ya kutosogea, na nikaona kola ya shati lake imeshalowa. Mbele yetu, ng'ambo ya mlingoti wa bendera, walisimama askari wa zamani. Kulikuwa na wazee wa vita vya Wajerumani, wengine wamepigana upande huu na wengine upande ule, sasa bega kwa bega. Mabruki alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Amenyoa, amevaa nishani zake, na hakunitazama.

Bwana DC alisema kwa Kiingereza na Wenceslaus akatafsiri. Mfalme anawashukuru. Dunia nzima inawashukuru. Kisha yakasomwa majina, na kila jina likafuatiwa na maneno yaleyale: alikufa kwa ajili ya Mfalme. Wenceslaus aliposoma Ambrosi Mihambo, mama mkwe wangu alivuta pumzi kwa nguvu. Nilimshika kiwiko. Aliniondoa mkono.

"Nangoja zamu yangu," alininong'oneza. "Usiniguse."

Niliona Mabruki naye amebadilika. "Alikufa kwa ajili ya Mfalme," Wenceslaus alisema, na Mabruki akatikisa kichwa mara moja, haraka, kama anayefukuza nzi. Shavu lake likaanza kucheza. Nikasema moyoni basi, anakiri sasa hivi.

Tarumbeta ikalia. Ilipokoma, Bwana DC akatazama saa yake na kila kitu kikasimama. Mimi nilianza kusali Baba Yetu, si kwa ibada bali kwa kuhesabu. Nikamaliza ya kwanza. Mtoto mahali fulani alianza kulia akazibwa kwa ziwa la mama yake. Nikaanza ya pili, na katikati yake, kwenye mkate wetu wa kila siku, nikasikia viatu vinasaga kokoto.

Mabruki alikuwa ametoka mstarini.

Hakutoka kwa mwendo wa askari. Alitoka bega la kushoto likiwa juu, shingo imenyooka kama ya mtu mwenye mzigo kichwani, vidole vya miguu vikitazama nje, midomo ikipuliza fyu, fyu, fyu. Ulikuwa mwendo wa Ambrosi. Sikuwa nimeuona kwa miaka mitano na nilikuwa nimeusahau kabisa, na kwamba nimeusahau sikuwa nikijua.

"Jamani, mtazameni Mnyamwezi!" alipaza sauti. "Miguu miwili kama watu, lakini kichwa amepewa cha kuwekea makasha tu!"

Nyuma yangu mtu alicheka, akajiziba kwa kanga. Sajini wa polisi alimtazama Bwana DC. Bwana DC alikuwa mwekundu mpaka masikioni, lakini macho yake yalibaki kwenye saa, maana dakika mbili zilikuwa za Mfalme na yeye mwenyewe hakuruhusiwa kusogea. Wenceslaus alikuwa amefumba macho. Hakuna aliyeweza kumkamata.

"Huko Burma, mimi Mzaramo naumwa homa," Mabruki alisema, akizunguka mlingoti kwa mwendo ule. "Natetemeka meno. Kasha la makombora ni langu, zamu ya kubeba ni yangu. Anakuja huyu punda." Akabadilisha sauti, ikatokea puani, na ilikuwa sauti niliyoolewa nayo. "'We Mzaramo, babu yako alimwona babu yangu akipita na pembe ya ndovu kichwani, yeye akabaki mlangoni anajikuna tumbo. Kubeba mtajulia wapi? Lete hapa.' Analiweka kasha langu juu ya lake. Mawili! Sajini anamwambia tua moja, mpumbavu. Anasema, afande, hii ni ngata tu ya kichwani, mzigo wenyewe bado haujafika!"

Sasa walicheka wengi, wazee wa vita vya kwanza kwa wanawake, kicheko cha kubanwa kinachotokea puani. Mama Ngollo hakucheka. Alikuwa ameinua kidevu, midomo wazi, anamtazama kama mtu anayesoma kwa shida.

"Kilima ni matope mpaka magotini. Anapanda anaimba. Anaimba vibaya, nyote mnajua alivyoimba! Tukafika karibu na juu, kombora la Wajapani likaja. Mtu mwenye akili afanye nini? Atupe mzigo alale. Ninyi wote mngetupa. Mimi ningetupa kabla halijarushwa! Yeye je?" Mabruki alisimama. Alikuwa anahema. "Yeye akasimama ili autue taratibu. Mpagazi hatupi mzigo wa mtu. Alifundishwa na nani? Na babu! Akapiga goti moja, hivi. Akashika kasha langu kwa mikono miwili, hivi, akaliweka chini kama mtoto anayelala."

Alilala kwenye kokoto, mbele ya bendera, kwa ubavu, mkono mmoja chini ya shavu. Hivyo ndivyo Ambrosi alivyolala. Tarumbeta ikalia kwamba dakika mbili zimekwisha, na hakuna aliyesogea.

Kisha sajini na askari wawili wakaanza kuja. Mama Ngollo alifika kabla yao. Alisimama juu ya Mabruki na ua lake la karatasi kifuani, Bwana DC amesimama hatua tatu pembeni na kijisanduku cha nishani mkononi, asijue ampe nani. Wenceslaus alikuwa anamwambia jambo kwa Kiingereza haraka haraka, na nilimwona karani huyo akiinua mkono kuwazuia polisi, huenda ndiyo mara yake ya kwanza maishani kumzuia mtu.

"Mbona umechelewa, Mzaramo?" Mama Ngollo aliuliza.

Mabruki hakufumbua macho. "Mama, mtani humcheka mtu aliyekufa kifo chake. Huyu alikufa changu. Kila nikija mlangoni kwako, kicheko hakitoki."

Watu walinyamaza kuliko walivyonyamaza kwa amri. Mama Ngollo aliendelea kumtazama. Nilidhani atamtemea mate. Nilidhani atasema lile neno alilokuja nalo.

"Mvivu we," alisema. "Hata kufa ulimtuma Mnyamwezi."

Kicheko kilipasuka uwanja mzima, cha waziwazi, wala hakuna aliyejiziba. Mama Ngollo naye alicheka. Alicheka akiinama, mikono magotini, na kicheko kikaanza kubadilika kabla hakijaisha. Akaketi chini kwenye kokoto, akaweka mikono kichwani, na akaanza kulia kwa sauti, kilio kile cha msiba chenye jina ndani yake. Wanawake wote wa mstari wetu wakampokea.

Basi nilikuwa nimepata. Kila nilichokiomba kwa miaka mitatu, kwa Padre, kwa Mungu, kwa mtu wa magunia, nilikuwa nimekipata, mchana kweupe na mashahidi mia tano. Baba yangu angeweza kuja kesho. Nilingoja nafuu inifike. Badala yake nilijikuta nimepiga magoti kwenye kokoto, nimemshika yule mtu shati la mgongoni kwa mikono miwili, namvuta. Alikuwa mzito. Hakuinuka, kwa sababu mtani hainuki kaburini kwa kuvutwa, nami nilijua hilo tangu utoto wangu lakini niliendelea kuvuta.

"Inuka," nilimwambia. "Inuka, Ambrosi, jua linachoma. Inuka twende nyumbani."

Nilisema kwa sauti kubwa. Wenceslaus aliniambia baadaye kwamba hata Bwana DC alimwuliza nimesema nini, naye hakutafsiri.

Mkono ulinishika kichwani, juu ya kitambaa. Mama Ngollo alikuwa amesogea kwa magoti mpaka nilipokuwa. Uso wake ulikuwa umelowa wote. Alivitoa vidole vyangu kwenye shati la Mabruki kimoja kimoja, akavishika.

"Mwanangu," aliniambia, polepole, kama mtu anayempa habari asiyeijua. "Eustadia. Ambrosi amekufa."